Machozi Yanamsamehe Nani? Marguerite Gautier Kitabuni, Jukwaani na Filamuni

1. Utangulizi

Uhakiki wa kazi zinazohamishwa kutoka umbo moja la sanaa hadi jingine umezoea kuuliza swali moja: je, kazi mpya ni aminifu kwa ile ya asili? Swali hilo lina manufaa yake, lakini halitoshi panapohusika tamthilia ya mapenzi. Kisa cha tamthilia ya namna hiyo kwa kawaida huwa chepesi. Wawili hupendana, kizuizi huzuka, mmoja hujitoa mhanga, kisha hufuata utengano au kifo. Hadhira mara nyingi hukijua kisa hicho kabla pazia halijafunguliwa. Kinachoileta ukumbini si hamu ya kujua litakalotokea, bali hamu ya kuona ni nani atakayelitenda na kwa namna gani. Kwa maneno mengine, katika utanzu huu mwigizaji si chombo cha kupitishia maandishi tu; yeye ni sehemu ya maana yenyewe.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni La Dame aux camélias, yaani Bibi wa Maua ya Kamelia, ya Alexandre Dumas mwana. Kazi hiyo ilitoka kwanza kama riwaya mwaka 1848, ikawa tamthilia mwaka 1852, ikawa opera ya Verdi mwaka 1853 kwa jina La traviata, ikaingia katika filamu bubu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1936 ikatengenezwa huko Hollywood filamu ya sauti iitwayo Camille, akiigiza Greta Garbo. Kazi chache za mapenzi zimepita mikononi mwa waigizaji mashuhuri wengi kiasi hicho.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kila uhamisho ulimpunguzia mamlaka mwanamume anayesimulia, ukamkabidhi mamlaka hayo mwanamke anayetenda. Pili, uhamisho huo ulilipiwa: hukumu kali ambayo riwaya iliitoa juu ya jamii ililegezwa kila mara hadhira ilipolizwa zaidi. Ubora wa mwigizaji katika kazi hii hupimwa kwa namna anavyopata faida ile ya kwanza bila kukubali hasara hii ya pili.

2. Riwaya: mwanamke anayesimuliwa

Chimbuko la riwaya ni mtu halisi. Alphonsine Plessis alizaliwa mwaka 1824 huko Nonant-le-Pin, Normandie, katika ufukara. Alifika Paris angali msichana, akajiita Marie Duplessis, akawa mmojawapo wa wanawake wa starehe waliojulikana sana katika mji huo. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 3 Februari 1847, akiwa na umri wa miaka 23. Dumas mwana, ambaye naye alizaliwa mwaka 1824, alikuwa mpenzi wake kwa muda mfupi kabla ya kuachana naye mwaka 1845. Kitabu kilitoka mwaka mmoja tu baada ya mazishi.

Jambo la kwanza linalompasa msomaji kulitambua ni kwamba Marguerite Gautier, mhusika mkuu, amekwisha kufa tangu ukurasa wa kwanza. Msimulizi asiyetajwa jina anaona tangazo la mnada, anaingia katika nyumba ya marehemu pamoja na watazamaji wengine, na ananunua nakala ya Manon Lescaut kwa faranga 100. Armand Duval anamjia akiitafuta nakala hiyo. Baadaye kaburi linafunguliwa ili mwili uhamishiwe mahali pengine, na Armand anautazama uso uliokwisha kuharibika. Ni baada ya hayo yote ndipo masimulizi ya mapenzi yanapoanza. Sauti ya Marguerite mwenyewe inasikika kwa urefu kuelekea mwisho tu, katika maandishi aliyoyaacha alipokuwa mgonjwa. Kwa hiyo mwanamke huyu amezungukwa na wanaume wawili, mmoja akimsimulia, mwingine akiandika alichosimuliwa.

Muundo huo humwondolea mwanamke nafasi ya kujieleza, lakini una ukali ambao matoleo ya baadaye hayakuuweza. Mnada unaonyesha waziwazi kwamba maisha ya Marguerite yalikuwa ya kuuzwa na kununuliwa hata baada ya pumzi ya mwisho. Maua yenyewe ni sehemu ya biashara: siku 25 za mwezi anabeba kamelia nyeupe, na siku 5 anabeba nyekundu. Armand wa riwaya si kijana wa kuonewa huruma tu. Akidhani amesalitiwa, anamchukua Olympe kuwa mpenzi wake ili amtese Marguerite, na baada ya usiku mmoja wa mwisho anampelekea fedha kama malipo. Hatimaye Marguerite anakufa bila Armand kuwapo.

Mwisho wa riwaya unastahili kusisitizwa. Msimulizi anaitembelea familia ya Duval, anamkuta baba mwenye heshima na dada mwenye macho safi, ambaye hajui kabisa kwamba mwanamke wa mbali alijitoa mhanga kwa ajili ya ndoa yake. Familia imetulia. Nyumba ni ya amani. Msomaji makini hawezi kuiona amani hiyo bila kuuliza ilinunuliwa kwa bei gani.

3. Jukwaa: mwanamke anayetenda

Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1852 katika ukumbi wa Vaudeville, Paris. Ilikuwa imezuiliwa na wakaguzi wa serikali, na ilipata ruhusa baada ya Morny kuwa waziri wa mambo ya ndani kufuatia mapinduzi ya Desemba 1851. Eugénie Doche aliigiza Marguerite, na Charles Fechter akawa Armand.

Dumas aliondoa msimulizi, akaondoa mnada, akaondoa kaburi. Katika matendo matano, hadhira inamwona Marguerite aliye hai akirudi nyumbani kwake, akicheka, akiamuru, akikohoa. Hakuna tena mwanamume anayesimama kati yake na watu. Maneno aliyoyaandika kitandani katika riwaya sasa anayatamka kwa kinywa chake. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanamke aliyekuwa kumbukumbu ya mtu mwingine amekuwa mtu mbele ya watu.

Hata hivyo mwandishi alitaka hadhira iondoke imefarijika. Katika tendo la nne Armand anamtupia Marguerite noti za fedha mbele ya wageni, na tendo hilo la hadharani limechukua nafasi ya ukatili wa siri wa riwaya. Katika tendo la tano barua ya baba inakuja kueleza kwamba mwana ameambiwa ukweli, na Armand anawahi kufika. Marguerite anafia mikononi mwake. Verdi na mtunzi wa maneno yake, Francesco Maria Piave, walikwenda mbali zaidi katika opera iliyoanza kuonyeshwa Venezia tarehe 6 Machi 1853: humo baba mwenyewe anaingia chumbani mwa mgonjwa na kujuta. Basi katika muda wa miaka 5, kutoka riwaya hadi opera, mwanamke aliyekufa mpweke amepewa kwanza mpenzi wa kumshika, kisha baba wa kumwomba radhi.

Hapo ndipo tatizo la uigizaji linapoanza. Maandishi ya tamthilia yanamtaka mwigizaji afe vizuri, yaani afe kwa namna ambayo kila mmoja ukumbini ataridhika. Mwigizaji anayetii kikamilifu atapata machozi na makofi, lakini atakuwa amewasaidia akina Duval kulala usingizi.

4. Sarah Bernhardt: sauti isiyosikika

Sarah Bernhardt, aliyezaliwa mwaka 1844, aliichukua nafasi ya Marguerite katika safari yake ya kwanza ya Marekani mwaka 1880, na tangu hapo hakuiacha kwa muda mrefu. Wafaransa waliita sauti yake sauti ya dhahabu. Wale waliomsikia walisifu hasa namna alivyopanga mdundo wa sentensi, akizinyoosha silabi fulani na kuziharakisha nyingine hadi maneno ya kawaida yakawa kama wimbo.

Mnamo mwaka 1911 aliigiza tamthilia hiyo mbele ya kamera, naye alikuwa na umri wa miaka 67 hivi. Filamu hiyo ni bubu. Kwa hiyo mwigizaji aliyetukuzwa kwa sauti kuliko kitu kingine chochote amewafikia watu wa leo bila sauti hiyo. Mtazamaji wa sasa huona mikono inayoinuliwa juu, kiwiliwili kinachopinda, kichwa kinachotupwa nyuma, na mara nyingi hucheka. Kicheko hicho si cha haki. Ishara zile zilipimwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa, ambamo mtu aliyeketi safu ya mwisho hawezi kuona jicho wala mdomo. Kamera imeziondoa katika umbali uliozipa maana, kama mtu anayesogeza pua kwenye picha iliyochorwa ili itazamwe kutoka mbali.

Hata hivyo filamu hiyo ina jambo moja ambalo mhakiki hapaswi kulipuuza. Marguerite wa Bernhardt anafa akiwa amesimama, mikononi mwa Armand. Hafi amelala kama mgonjwa aliyekubali kushindwa. Mwili unasimama hadi dakika ya mwisho, kisha unaanguka. Hilo ni chaguo la mwigizaji, nalo lina hoja ndani yake: mwanamke huyu hakuzimika kama mshumaa, aliangushwa. Bernhardt aliyatii maandishi kwa maneno na kubishana nayo kwa mwili.

5. Greta Garbo: uso unaofikiri

Filamu ya mwaka 1936 iliongozwa na George Cukor, aliyekuwa ametoka katika maonyesho ya jukwaani huko New York, na ilitengenezwa na kampuni ya MGM. Irving Thalberg, aliyekuwa na usimamizi wa kazi hiyo, alifariki Septemba 1936 kabla haijakamilika. Garbo, Mswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1905, alikuwa amesomea uigizaji katika chuo cha ukumbi wa taifa mjini humo na kuigiza katika filamu bubu. Robert Taylor, kijana wa miaka 25, aliigiza Armand. Lionel Barrymore, mwana wa ukoo mashuhuri wa waigizaji wa jukwaani, aliigiza baba, na Henry Daniell akawa Baron de Varville, mfadhili tajiri wa Marguerite.

Mazingira ya kazi yalifanana kwa kiasi fulani na yale ya mwaka 1852. Mwaka 1934 studio za Hollywood zilianza kusimamia kwa ukali kanuni zao za maadili, na filamu isingeweza kutaja waziwazi kazi inayomlisha Marguerite. Kilichokatazwa kusemwa ilibidi kionekane. Kamera iliyoukaribia uso ilimpa mwigizaji uwezo ambao Bernhardt hakuwa nao: hakuhitaji tena kuinua mkono ili aeleweke, kope zilitosha.

Sehemu tatu za filamu hiyo zinafaa kuchunguzwa.

Ya kwanza ni ile ya piano. Marguerite amemwalika Armand usiku, lakini Baron amerudi bila kutazamiwa. Baron anapiga piano. Kengele ya mlango inalia, na mlango haufunguliwi. Baron anauliza ni nani. Marguerite anajibu kwamba huenda ni mtu aliyekosea mlango, au huenda ni penzi kuu la maisha yake. Wote wawili wanacheka, na muziki unaendelea. Kwa maandishi, jibu hilo ni mzaha wa mwanamke mwerevu. Garbo amelifanya kuwa jambo zito zaidi. Kicheko chake kinakuwa kikubwa mno kwa mzaha mdogo kama ule, na ndani yake mtazamaji anasikia mtu anayejicheka mwenyewe kwa kuwa amesema kweli mahali ambapo kweli haiwezi kuaminiwa. Baron naye anacheka kwa kuwa anajua. Wawili hao wanaelewana kuliko wapenzi wenyewe, na maelewano hayo ni ya mnunuzi na mtu anayenunuliwa. Hakuna neno moja la kukiuka kanuni lililotamkwa, na mkataba wote umewekwa wazi.

Ya pili ni ile ya baba. Katika riwaya na tamthilia, hoja ya Bwana Duval ni ndoa ya binti yake. Katika filamu uzito umewekwa juu ya mustakabali wa Armand mwenyewe. Barrymore anaigiza kwa namna ya jukwaani: sauti nzito, vituo virefu, heshima inayojaza chumba. Garbo anamwachia nafasi yote. Anazungumza kidogo na kusikiliza sana, na kamera inamtazama akisikiliza. Baba anadhani anamshawishi, lakini mtazamaji anaona kwamba Marguerite ameuelewa uamuzi wake kabla baba hajamaliza kusema, na kwamba muda uliobaki anautumia kuaga. Tofauti ya mitindo miwili ya uigizaji, ambayo pengine ingehesabiwa kuwa kasoro, imekuwa maana. Baba ana maneno. Mwanamke ana ujuzi. Anayeshinda katika mazungumzo hayo si anayejua zaidi.

Ya tatu ni kifo. Armand amerudi, amemshika, na anazungumza juu ya kumpeleka mashambani. Garbo anafa katikati ya matumaini hayo, kwa badiliko dogo la macho. Hakuna hotuba ndefu ya kuwasamehe wote. Kifo kinafika kabla Armand hajakitambua, na kwa muda mfupi anakuwa mtu anayemwahidi maisha mwanamke asiyemsikia tena. Hapo, bila mnada wala kaburi, Garbo amerudisha kitu kimoja cha riwaya ambacho jukwaa lilikipoteza, yaani upweke. Marguerite amefia mikononi mwa mpenzi, lakini amekufa peke yake.

Robert Taylor amelaumiwa mara nyingi kwa ugumu wa uigizaji wake. Lawama hiyo ina msingi. Lakini ugumu huo unaisaidia kazi kwa njia isiyokusudiwa: Armand huyu ni kijana mzuri asiyeelewa mambo, na kutoelewa kwake kunaonyesha jinsi mwanamke huyo alivyolazimika kuelewa kwa niaba ya wawili. Kwa kazi hiyo Garbo alipewa tuzo ya wahakiki wa filamu wa New York na akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ambayo ilimwendea Luise Rainer. Aliacha kuigiza baada ya filamu yake ya mwaka 1941, akafariki mwaka 1990.

6. Hoja ya kupinga

Inawezekana kudai kwamba uhakiki wa namna hii unamtukuza mwigizaji kupita kiasi. Kwa mujibu wa hoja hiyo, kadiri Garbo anavyokuwa bora ndivyo anavyoifanya dhuluma ipendeze. Hadhira inatoka ukumbini imeufurahia msiba. Inampenda Marguerite kwa sababu amekubali kuondoka. Kama angekataa, ikiwa angemjibu baba kwamba heshima ya familia yake si deni lake, huenda isingemlilia. Machozi basi ni risiti ya malipo yaliyokwisha kufanyika, na anayetolewa lawama ni kifua kikuu badala ya Bwana Duval.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa historia ya kazi yenyewe inaiunga mkono. Imekwisha kuonekana jinsi baba alivyozidi kusamehewa kutoka riwaya hadi opera. Wasanii wa nusu ya pili ya karne ya 20 walilitambua tatizo hilo, na baadhi yao walilijibu jukwaani. Mwaka 1978 huko Stuttgart, John Neumeier alitunga ngoma ya bale kwa muziki wa Chopin, akiwa na Marcia Haydée kama Marguerite, na akaianza kwa mnada, akiirudisha mali ya marehemu mbele ya macho ya watu kabla mapenzi hayajaanza. Mwaka 1984 nchini Uingereza, Pam Gems aliiandika upya tamthilia kwa ajili ya Royal Shakespeare Company, Frances Barber akiigiza, na humo fedha na unyonyaji vilirudishwa katikati ya kisa. Kabla ya hao, mwaka 1973, Charles Ludlam wa New York alikuwa ameigiza Marguerite yeye mwenyewe, mwanamume katika gauni lililoacha nywele za kifua zikionekana. Uigizaji huo ulimkumbusha mtazamaji kila dakika kwamba uanamke wa Marguerite ni vazi lililoshonwa kwa matakwa ya wengine. Hata hivyo kisa kiliendelea kuchoma.

Majibu hayo matatu yanafaa, lakini yanaonyesha pia kwamba njia ya kuponya kasoro si lazima iwe kumwondolea mwigizaji uwezo wa kuliza. Suala ni kile ambacho hadhira inaliliwa nacho. Mwigizaji anayelia pamoja na hadhira huifariji. Mwigizaji anayecheka pale ambapo hadhira inatazamia kilio, kama Garbo kando ya piano, huiachia hadhira kazi ya kufanya. Kicheko kile hakimsamehe mtu yeyote. Anayekikumbuka hawezi kusikiliza maneno mazuri ya baba bila kujua kwamba Marguerite amekwisha kuzoea kuwa bidhaa, na kwamba baba, kwa adabu zake zote, anakuja kama mnunuzi mwingine: Baron alinunua kuwapo kwake, Duval ananunua kutokuwapo kwake.

7. Somo kwa uchunguzi wa Kiswahili

Kisa hiki ni cha Paris na Hollywood, na hakuna haja ya kukivalisha vazi la Kiafrika. Lakini njia ya kukichunguza inagusa mambo mawili yanayowahusu wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo.

La kwanza ni nafasi ya maandishi katika tamthilia. Lubumbashi ina mapokeo ya maonyesho ya Kiswahili ambamo kazi hutungwa na waigizaji wenyewe katika mazoezi, bila kitabu. Kundi la Mufwankolo linajulikana katika uchunguzi wa kitaaluma hasa kutokana na kazi ya Johannes Fabian iliyotolewa mwaka 1990, ambayo ilieleza jinsi onyesho la mwaka 1986 lilivyojengwa kutokana na msemo mmoja juu ya mamlaka. Mtu aliyezoea sanaa ya namna hiyo haoni ajabu kusikia kwamba mwigizaji ni mtunzi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akikabiliwa na tamthilia ya Kifaransa yenye maandishi yaliyochapishwa, husahau alichokijua na kuhakiki karatasi peke yake. Marguerite wa Bernhardt na Marguerite wa Garbo wanatokana na Dumas mmoja, lakini wanasema mambo mawili tofauti.

La pili ni tafsiri. Katika tamthilia ya Dumas, Armand na Marguerite huanza kwa vous, hufikia tu katika mapenzi yao, na katika ghadhabu ya tendo la nne vous hurudi kama mlango unaofungwa. Kiingereza cha filamu hakina tofauti hiyo, na Garbo alilazimika kuieleza kwa umbali wa mwili na kwa kushuka kwa sauti. Kiswahili sanifu nacho hakina njia ileile. Mfasiri atakayeandika wewe kila mahali atakuwa amefuta ngazi nzima ya kisa. Lakini Kiswahili kina majina ya kuitana, na kati ya Bwana Duval, Bwana Armand, Armand na mpenzi wangu mna safari inayoweza kuchukua nafasi ya ile ya Kifaransa. Kina pia ukimya wa kutoita jina kabisa, ambao mwigizaji mzuri ataujua kuutumia. Kwa hiyo mfasiri wa tamthilia ya mapenzi hawezi kuifanya kazi yake mezani peke yake. Sehemu moja inamngojea mwigizaji.

8. Hitimisho

Safari ya Marguerite Gautier kutoka kitabuni hadi filamuni si historia ya uaminifu wala ya usaliti. Riwaya ilimnyima sauti lakini ikaihukumu jamii. Jukwaa lilimpa sauti lakini likataka awasamehe wote. Bernhardt alikataa kwa kufa amesimama. Garbo alikataa kwa kucheka kando ya piano na kwa kufa kabla maneno ya faraja hayajaisha. Wote wawili walifanya hivyo bila kubadili mwelekeo wa kisa.

Basi anayetaka kuwathamini waigizaji wa zamani asiishie kwenye sifa za uzuri na umaarufu, wala asiwahurumie kwa kuwa mitindo yao imepitwa na wakati. Na achunguze ni wapi mwigizaji alikubaliana na maandishi, ni wapi alibishana nayo, na mabishano hayo yalimtetea nani. Katika La Dame aux camélias, anayehitaji kutetewa hayumo tena nyumbani mwa akina Duval. Amani ya nyumba ile inaendelea, dada hajui, na mwigizaji ndiye shahidi aliyebaki.